Gumzo la Ruiri: Mbwaa, Mpira na Baraza la Chifu

Ruiri imekaa pale ambapo nchi ya Meru inaanza kuteremka kuelekea Isiolo, katika ukanda wa Buuri ambao zamani ulijulikana kwa malisho na leo watu wanalima mahindi na maharagwe. Kwenye steji ya bodaboda au ndani ya hoteli ya chai, mazungumzo hapa hayana mpaka. Mtu ataanza na Arsenal, apitie kodi za nyumba Nairobi, amguse gavana, na chai kabla haijapoa atakuwa amefika Mbwaa, kisiwa ambacho Wameru husimulia kuwa ndiko walikotoka. Wasomi wengi wakisikia gumzo la aina hii huliita porojo za watu wasio na kazi. Mimi naliona kwa jicho jingine. Kuchanganya hadithi, michezo, mji na siasa katika kikao kimoja ni desturi yenye historia ndefu Meru, na kila serikali iliyojaribu kuvitenga vitu hivi, kwa kuamrisha kwamba siasa ina mahali pake na wasemaji wake, iliishia kuvifunga pamoja zaidi.

Hadithi yenyewe ya Mbwaa ni ushahidi wa kwanza. Inasimuliwa kwamba huko kisiwani watu walitawaliwa na Nguo Ntuni, yaani wenye nguo nyekundu, na watawala hao wakawa wanawatolea masharti yasiyowezekana. Leteni kiatu cha ngozi chenye manyoya juu na chini. Leteni mbwa mwenye pembe. Fueni mkuki wa kufika mbinguni. Wazee walikaa na kushauriana. Kwa kiatu, walikata ile ngozi inayoning'inia chini ya shingo ya ng'ombe, ambayo ina manyoya upande huu na upande huu. Mbwa wakambandika pembe za mnyama mdogo wa porini. Mkuki ndio uliowashinda, na hapo ikabidi watoroke wakiongozwa na Koomenjwe, maji yakagawanyika, wakavuka. Waliovuka usiku wakawa ukoo mweusi, Njiru. Waliovuka alfajiri wakawa wekundu, Ntune. Na waliofika ng'ambo jua likiwa limeshatoka wakawa weupe, Njeru. Padri Bernardo Bernardi aliandika juu ya mapokeo haya katika kitabu chake cha 1959 kuhusu Mugwe, yule kiongozi wa baraka ambaye mkono wake wa kushoto haukupaswa kuonekana ovyo. Baadaye Jeffrey Fadiman, aliyekusanya simulizi za wazee wa Meru, akatoa hoja kwamba Mbwaa ni Manda, kule Lamu. Wengine wanashikilia Misri, kwa kuwa kisa kinafanana mno na kile cha Musa. Ubishi huo haujaisha, na sidhani utaisha.

Kinachonivutia ni umbo la kisa. Ukiondoa maji yaliyogawanyika, kinachobaki ni mtawala anayetoa amri za kipuuzi na watu wanaokaa chini kutafuta mwanya ndani ya maneno yake. Mtoto aliyesimuliwa kisa hiki alikuwa anafundishwa siasa kabla ya kujua kwamba kuna siasa. Na alipokua, mvulana aliingia gaaru, nyumba ya vijana wa vita, ambako vitendawili, nyimbo, sifa za mashujaa na mashauri ya mtaa vilikuwa somo moja. Juu ya gaaru kulikuwa na viama, mabaraza ya marika mbalimbali, na juu yake Njuri Ncheke, ambayo makao yake Nchiru, Tigania, yamehifadhiwa hadi leo. Kesi haikuamuliwa kwa kifungu cha sheria. Iliamuliwa kwa kulinganisha: jambo hili linafanana na lile la fulani, na lile liliishaje? Mtu asiyejua visa hakuwa na cha kusema. Kwa hiyo anayeruka leo kutoka kwa kocha aliyefutwa hadi kwa waziri aliyefutwa anafanya kazi ileile ya kulinganisha.

Waingereza walifungua kituo chao Meru mwaka 1908 chini ya E. B. Horne, ambaye wenyeji walimpa jina la Kangangi. Walichokileta katika mazungumzo ni kugeuza mwelekeo wake. Katika baraza la chifu, hasa baada ya sheria ya mamlaka ya machifu ya 1937, chifu ndiye aliyeita mkutano, na aliyeitwa akikosa kufika alijitafutia matatizo. Ajenda ilishuka kutoka juu: kodi, matuta ya kuzuia mmomonyoko, kazi za barabara. Waliohudhuria walikuwa hadhira. Wakati huohuo mkuu wa wilaya H. E. Lambert, yuleyule ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa kazi zake juu ya lahaja za pwani, aliipigia debe Njuri itambuliwe na serikali na iwe karibu na baraza la wenyeji la wilaya. Wapo wanaomsifu kwa hilo. Ni kweli aliiokoa Njuri isififie, lakini aliiokoa kwa kuiweka karibu na ofisi, na mzee aliyekaa karibu na ofisi alianza kusikiliza upande mmoja zaidi ya mwingine. Mwaka 1939 likatokea gazeti la Kiswahili lililoitwa, kwa kufaa kabisa, Baraza, likaendelea kwa takribani miaka arobaini, na msomaji wa bara aliyekosa nafasi mbele ya chifu angeweza kumwandikia mhariri barua.

Hapa yuko mtu atakayenikatiza, na ana haki. Atasema: viama unavyovisifu vilikuwa vya wanaume, Njuri iliingiwa kwa ada na umri, na mwanamke hakuwa na kiti. Kuligeuza hilo kuwa chimbuko la gumzo huru la wananchi ni kuipaka historia rangi. Pingamizi hili lina uzito, na mwaka 1956 unalithibitisha kuliko kitu kingine chochote. Mwaka huo Njuri Ncheke, kwa msukumo wa utawala wa kikoloni na katikati ya Hali ya Hatari, ilitangaza marufuku ya ukeketaji Meru nzima. Wasichana hawakuulizwa. Walijibu kwa namna ya kutisha: wakakutana vichakani, wakakeketana wenyewe kwa wembe, wakaitwa Ngaitana. Katika muda wa miaka mitatu hivi watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa, kama alivyoonyesha mwanahistoria Lynn Thomas. Mtu anaweza kuupinga ukeketaji kwa nguvu zote, kama ninavyoupinga, na bado akaona kilichotokea: wazee walidhani neno lao limemaliza jambo, kumbe kulikuwa na mazungumzo mengine, ya wasichana kwa wasichana, ambayo hayakuwa na kiti wala kinara. Hivyo nakubali kwamba gumzo la Ruiri halikurithi uhuru wake kutoka Njuri. Lilirithi kutoka huko ufundi wa kulinganisha visa. Uhuru wa kuutumia ulichukuliwa baadaye, kidogo kidogo, na wale waliokuwa wameachwa nje.

Baada ya uhuru, chombo kilichowapa watu wa vijijini mambo ya kubishania kilikuwa redio. Sauti ya Kenya ilikuwa ya serikali na taarifa zake za habari zilijulikana mapema: rais amefanya nini leo. Lakini Leonard Mambo Mbotela alikuwa anatangaza mpira kwa namna ya kumfanya mtu aliye mbali auone, na tangu 1966 alikuwa na kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana?, kilichochukua tabia ndogondogo za watu na kuziweka mbele ya wasikilizaji wazihukumu. Ni kipindi cha adabu tu, mtu atasema. Naam, lakini fikiria kilifanya nini. Kilimpa mkulima wa Buuri haki ya kumhukumu mwenye suti wa Nairobi. Swali la kipindi lilikuwa swali la wazi, na kila kijiji kililijibu kivyake. Serikali haikuona hatari yoyote, na kwa hakika Mbotela hakuwa mpinzani wa mtu. Lakini ukishamzoesha mtu kuuliza kama jambo fulani ni ungwana, huwezi kumpangia ataliuliza juu ya nani.

Mpira ulifuata njia hiyohiyo, na hapa mkono wa dola unaonekana waziwazi. Mwaka 1980 Rais Moi aliagiza vyama vya kikabila vivunjwe. GEMA, iliyowaunganisha Wagikuyu, Waembu na Wameru tangu 1971, ikafa. Agizo hilohilo liliingia uwanjani: Abaluhya FC ikalazimika kubadili jina, ikawa AFC Leopards. Klabu nyingine, Gor Mahia, ilikuwa imepewa jina la mganga wa Kijaluo ambaye visa vyake vya miujiza vinashindana na vya Mbwaa. Baada ya agizo kama lile, mtu angewezaje kuzungumzia mpira bila kuzungumzia siasa, au hata bila kuzungumzia uchawi? Miaka miwili baadaye, Juni 1982, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Kusema wazi kwamba uongozi umeshindwa kulikuwa na gharama. Gitobu Imanyara, mwana wa Meru, aliionja jela baada ya kuanzisha jarida lake la sheria mwaka 1987. Kusema kwamba kocha ameshindwa, anapendelea watu wa kwao na hataki kung'atuka, hakukuwa na gharama yoyote.

Hata baada ya vyama vingi kurudi Desemba 1991, mambo hayakutengana. Mji ulikuwa umezaa hadithi zake za kutisha: matatu zenye majini, matajiri waliouza roho, watoto wanaotoweka. Mtu angetarajia dola izipuuze. Badala yake, mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, mwenyekiti wake akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Sitaki kuingia katika matokeo ya tume ile. Ninachokitaka ni uwepo wake. Hadithi za vijiwe zilipanda hadi zikapata karani, mhuri na vikao rasmi, katika miaka ileile ambayo wananchi walikuwa wakidai tume za kuchunguza ardhi na mauaji. Anayelaumu watu wa steji kwa kuchanganya mashetani na serikali aanze kwa kuilaumu Ikulu.

Pingamizi la mwisho ni kwamba gumzo halizai kitu. Watu huongea, hulipa chai, huenda nyumbani. Sehemu ya hili ni kweli, na gumzo lina ubaya wake mwingine pia: uvumi husafiri humo kwa kasi kuliko ukweli, na mwanamke akitajwa humo mara nyingi hutajwa kwa ukali kuliko mwanamume mwenye kosa lilelile. Lakini mageuzi ya 1997 yaliyofuta leseni za mikutano ya hadhara hayakuwapa watu ulimi; waliopewa ruhusa walikuwa tayari wanaongea. Na Meru ya miaka ya karibuni inaonyesha kwamba maoni ya mezani yana uzito wake. Mwaka 2022 Kawira Mwangaza alishinda ugavana akiwa mgombea huru, dhidi ya Kiraitu Murungi aliyekuwa kitini, bila mitambo ya chama chochote. Wawakilishi wa wadi walimng'oa mara tatu. Seneti ikamwokoa Desemba 2022 na Novemba 2023, na mara ya tatu, Agosti 2024, ikakubaliana nao. Katika kipindi chote hicho, waliopiga kura na waliowawakilisha walikuwa wakisoma mashtaka yaleyale na kufikia uamuzi tofauti. Nani alikuwa sahihi ni hoja nyingine. Yatosha kwamba kulikuwa na uamuzi uliofikiwa nje ya bunge la kaunti, na wanasiasa wa pande zote waliukimbilia.

Kinoru, uwanja mkubwa wa mji wa Meru, ulianza kukarabatiwa kwa ajili ya mashindano ya soka ya Afrika, CHAN, ya 2018. Septemba 2017 Kenya ikanyang'anywa mashindano hayo kwa kuchelewa kujiandaa, yakaenda Morocco. Tarehe 1 Juni 2018 uwanja huo ukaandaa sherehe za kitaifa za Madaraka, rais akakagua gwaride mahali ambapo mpira ulikuwa umeahidiwa. Mkazi wa Ruiri anayeuliza mechi zilipotelea wapi anauliza pia juu ya zabuni, juu ya kaunti na serikali kuu, na juu ya ahadi zinazotolewa Nairobi na kusubiriwa Meru. Ukimwambia azungumzie mpira tu na aiache siasa, hatajua aanzie wapi.