Sitara ya Upara: Asili ya Wigi la Mahakamani

Mwaka 2011, Dakta Willy Mutunga alipokwisha kushika cheo cha Jaji Mkuu wa Kenya, na wigi likaondolewa katika vazi la majaji pamoja na joho jekundu lililorithiwa kwa Waingereza, palizuka mabishano makali: wako waliofurahi kwamba alama ya ukoloni imeondoka vichwani mwa wenye kuhukumu, na wako waliosikitika kwamba haiba ya mahakama imevuliwa mchana kweupe. David Maraga alipomrithi mwaka 2016 na kuonyesha nia ya kulirudia vazi la zamani, mabishano yale yakafufuka. Lakini katika maneno yote hayo, ya kusifu na ya kulaumu, swali lililostahili kutangulia lilisahauliwa: kitu hiki cheupe, kilichofumwa kwa singa za farasi na kusokotwa safu kwa safu, kilianzaje kukaa juu ya kichwa cha mwenye kuhukumu? Jawabu haliko katika kitabu cha sheria. Liko katika upara, na katika fadhaa ya wakubwa waliojitazama katika kioo wakaona panja zao zinarudi nyuma.

Fadhaa hiyo ni kongwe. Suetonius, aliyepata kuwa katibu wa Kaisari Hadrian na kuandika habari za watawala wa Roma katika karne ya pili, anasimulia kwamba Julius Caesar, aliyezishinda nchi na majeshi, aliudhika mno na upara wake, kwa kuwa mahasimu waliufanyia tashtiti. Basi akawa akizichana nywele chache za utosini kuzileta mbele, na katika heshima zote alizotunukiwa na baraza na watu wa Roma, hakuna aliyoipokea na kuitumia kwa furaha kuliko ruhusa ya kuvaa daima taji la majani la washindi. Mwandishi huyo huyo anatuambia, juu ya watawala wa Roma waliofuata, kwamba Otho alivaa nywele za bandia zilizomkaa sawasawa hata mtu asitambue. Kwamba ilikuwa hatari ya kifo kumtazama Caligula kutoka juu anapopita. Na kwamba Domitian, aliyechukizwa na kila neno la upara, aliandika kitabu juu ya utunzaji wa nywele. Hawa walijisitiri wenyewe tu, na sitara zao zikafa pamoja nao. Haikuwa hivyo kwa mfalme wa Ufaransa.

Louis XIII, aliyezaliwa mwaka 1601, alipukutikwa na nywele angali kijana, na wanahistoria hutaja mwaka 1624 kuwa ndio alioanza kuvaa wigi. Mwanawe, Louis XIV, akaifuata njia ile ile kwa fahari kubwa zaidi, hata watu wa baraza lake, na miongoni mwao wenye nywele nyingi na nzuri, wakanyoa walichopewa na Mungu ili wavae walichouziwa na fundi. Mfalme Charles II wa Uingereza, ambaye alikaa uhamishoni bara la Ulaya, na Ufaransa ikiwamo, kabla ya kurejeshewa kiti chake mwaka 1660, aliikuta desturi hiyo imekwisha kuota mizizi, na haukupita muda mrefu London nayo ikaiga.

Namna mji mzima unavyoweza kuvikwa aibu ya mtu mmoja, hakuna aliyetueleza vizuri kuliko Samuel Pepys, karani mkubwa wa mambo ya jeshi la majini, ambaye kwa takriban miaka tisa unusu aliandika habari za maisha yake siku kwa siku. Tarehe 9 Mei 1663 alikwenda kwa kinyozi wake akajaribu mawigi mawili matatu. Moyo ulikataa, lakini taabu ya kuziweka safi nywele zake ilimsukuma. Mwisho wa Oktoba alipofunga hesabu za mwezi, mawigi mawili yalikuwa miongoni mwa gharama zilizomsikitisha: moja kwa pauni 3, la pili kwa shilingi 40. Tarehe 2 Novemba akasikia kwamba ndugu yake mfalme anakusudia kuvaa wigi, na mfalme mwenyewe pia. Na siku hiyo ndipo Pepys alipotambua jinsi mvi zilivyomjaa mfalme kichwani.

Kesho yake fundi akaja nyumbani. Mkasi ukapita, na Pepys, ambaye hakuwa na upara wa kuficha, anakiri kwamba moyo ulimuuma kidogo kutengana na nywele zake. Aliwaita watumishi wa kike wote wamtazame; wakakubali kwamba wigi linampendeza, ila wawili wao walihuzunika sana kwa nywele za bwana wao kukatwa. Fundi akalipwa, akaondoka na nywele zile zile ili akazishone kuwa wigi jingine. Jumapili ikafika, Pepys akaenda kanisani akiogopa kwamba macho yote yatamgeukia, na hapana aliyeshangaa. Zingatia jambo hili, ewe msomaji: kwa siku tano tu, kilichokuwa kioja kimekuwa ada.

Lakini sitara hiyo ilikuwa na adha zake. Julai 1664 ilimbidi Pepys alirudishe wigi lake kwa kinyozi litolewe mayai ya chawa. Mwaka 1665, tauni ilipowaua watu wa London kwa maelfu, alikuwa na wigi jipya ambalo kwa muda hakuthubutu kulivaa, na Septemba akaandika kwa wasiwasi kwamba baada ya maradhi hakuna atakayethubutu kununua nywele, kwa kuhofu kwamba zimekatwa vichwani mwa maiti wa tauni. Hofu ikapita, wigi likabaki. Majaji wa Uingereza nao wakaliingiza katika vazi lao kabla ya karne ile kwisha.

Wigi liliangushwa na njaa na ushuru. Mwaka 1795, ngano ikiwa haba na watu wakilia mkate, Waziri Mkuu William Pitt alitoza gini moja kwa mwaka, yaani shilingi 21, kwa kila mwenye kutia poda katika wigi au nywele zake, poda ambayo ilitengenezwa kwa wanga. Duke wa Bedford na sahibu zake wakakata nywele zao kwa kupinga kodi hiyo, na wengi wakawafuata. Majaji hawakufuata. Mwaka 1822 Humphrey Ravenscroft akawatengenezea wigi la singa za farasi lisilohitaji poda, na umbo hilo ndilo lililovuka bahari pamoja na sheria za Kiingereza hadi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Uingereza yenyewe ililiondoa katika mashauri mengi ya madai mwaka 2008.

Zama zetu zimeongeza machache. Mwaka 1977, nchini Marekani, Frank na Donald Smith wa Florida walipewa hataza ya namna ya kugawa nywele mafungu matatu na kuzilaza moja juu ya jingine ili zifunike upara. Na katika saluni zetu binti huvutwa nywele za panjani kwa misuko ya kukaza hata zikang'oka mizizi, kisha huuziwa wigi la kufunika pale palipoharibiwa. Mficha maradhi kifo humuumbua: dawa ya panja hizo ni mkono wa msusi kulegea, tena mapema.

Aibu si dhambi, na kujisitiri si kosa. Kosa ni kuisahau asili ya sitara, kisha kuisujudia. Tumewafundisha vijana wetu kulistahi wigi la jaji pasipo kuwaeleza lilikotoka, na huo ni upungufu katika elimu yetu. Anayetaka kulivaa na alivae, anayetaka kulivua na alivue, lakini mtoto wa shule asiambiwe kwamba haki inakaa ndani yake. Ni singa za farasi, zilizoshika mahali pa nywele zilizomtoka mfalme kijana wa Ufaransa.