Voi: Reli iliyopita na reli iliyoingia

Ukitaka kuijua stesheni kongwe ya Voi, shuka kwenye reli yenyewe, weka mguu mmoja juu ya chuma hiki na wa pili juu ya kile. Hatua moja ya mtu mzima inatosha, kwa maana nafasi iliyopo ni mita moja tu. Katika upana huo walipita magavana, makuli, wanajeshi, wanafunzi wanaorudi shule, magunia ya kahawa na mapipa ya mafuta, kwa zaidi ya karne moja. Wengi wao waliuona mji huu usiku tu, kupitia dirishani, wakiwa nusu usingizini.

Mji wenyewe ni mtoto wa stesheni. Kabla ya reli, hapakuwa na sababu ya mtu kujenga hapa. Wadawida waliishi juu kwenye milima ya Taita, kwenye ukungu na mashamba ya kunyweshwa kwa mifereji. Wasagalla walikuwa na mlima wao, ule unaoitazama Voi kutoka kusini, na Wakasigau na wao. Huku chini ilikuwa nyika: udongo mwekundu, miiba, mbung'o, ndovu, na misafara iliyopita mbiombio ikisaka maji. Misafara hiyo ya Waswahili na Waarabu ilitoka Mombasa, ikaivuka Taru, ikachota maji Maungu, kisha ikashika magharibi kupitia chini ya milima hadi Taveta, kwenye vivuli na migomba, ambako wapagazi walipumzisha mabega kabla ya kuendelea Uchagani au Umasaini. Mmisionari Johannes Rebmann alipita upande huo mwaka 1848, na tarehe 11 Mei akauona mlima wenye theluji ambao wataalamu waliokuwa wamekaa vitini Ulaya walikataa kabisa kuuamini. Njia hiyo ya magharibi tutairudia.

Waingereza walipoanza kulaza reli Mombasa mwaka 1896, Taveta haikuwa haja yao. Walichokitaka ni Uganda. Reli ikafika penye mto Voi, ikaelekea kaskazini-magharibi, na njia kongwe ya misafara ikaachwa pembeni. Vibarua walioletwa kutoka Bara Hindi walifika takriban 32,000 katika miaka yote ya ujenzi, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Kwenye Nyika ya Taru hata maji ya kunywa yalifuatishwa kwa treni, kwa kuwa ardhi yenyewe haikuwa na tone la kutoa. Kufikia mapema mwaka 1898 kichwa cha reli kilikuwa kimekwisha kuipita Voi na kufika mto Tsavo.

Naam, simba. Msomaji anawangoja, lakini simba wa Tsavo wamekwisha kula kurasa nyingi kuliko walivyokula watu, kwa hiyo nitawapitia haraka: mhandisi J. H. Patterson aliwaua wawili Desemba 1898, akaandika kitabu, na mwaka 1924 ngozi zao zikauzwa kwa jumba la makumbusho la Chicago, ziliko hadi leo. Wageni wengi wanaijua Taita kwa wanyama hao wawili tu.

Voi ilijulikana kwa jambo la kawaida zaidi: chakula cha jioni. Katika miaka ya mwanzo treni haikuwa na behewa la kulia chakula. Iliyotoka Mombasa mchana ilisimama hapa jioni, abiria wakateremka na vumbi jekundu hadi kwenye kope, wakaingia katika nyumba ya wageni ya reli, iliyoitwa dak bangalo kwa mtindo wa Kihindi. Wakala, wakakilalamikia chakula, wakapanda tena. Milima ya Taita ilikuwa pale pale, inaonekana, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuikaribia. Ndivyo reli kuu ilivyokuwa kwa wenyeji: kitu kinachopita huko chini kikitoa moshi.

Reli iliyoingia Taita hasa ni ile ya vita.

Agosti 1914, Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, Wajerumani waliivamia Taveta na kuishika. Kutoka huko vikosi vyao vidogo vilivuka nyika kwa miguu, vikibeba baruti, ili kuirarua reli ya Uganda usiku. Waingereza nao walitaka kusukuma jeshi magharibi, lakini kwa kitu gani? Punda na maksai walimalizwa na mbung'o, na maji yalikuwa adimu. Mwaka 1915 wakaanza kulaza reli mpya kutoka Voi, kupitia Mwatate na Bura, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imefika Maktau. Ramani ya njia hiyo ilikuwa imechorwa zamani na miguu ya wapagazi: reli ya vita ilifuata upande ule ule wa misafara.

Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini waliushambulia mlima mdogo wa Salaita, karibu na Taveta, wakarudishwa nyuma kwa aibu. Waliowakinga walipokuwa wakikimbia ni wanajeshi Wabaluchi kutoka Bara Hindi, ambao kabla ya hapo baadhi ya Makaburu hao hawakuwahesabu kuwa askari. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts aliitwaa Taveta, na mwaka huo huo reli ikasukumwa hadi Kahe, ikaungana na reli ya Wajerumani ya kutoka Tanga kwenda Moshi.

Makaburi ya askari wa vita hivyo yako Voi, Maktau na Taveta, yamepangwa safu na kufyekwa vizuri. Wapagazi wa Kiafrika walioichukua mizigo ya jeshi, na kufa kwa maelfu, wengi hawana jiwe. Jina la kikosi chao limebaki Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Wakasigau hawakuhitaji hata kupigana: mwaka 1915 Waingereza waliwashuku kuwa wanawasaidia Wajerumani, wakazichoma nyumba zao, wakawahamishia upande wa Malindi, ambako homa na njaa viliwapunguza. Waliosalia waliruhusiwa kurudi kwao baada ya miaka mingi.

Vita vilipokwisha, reli ilibaki, na hapo ndipo ilipopata kazi ya maana. Mashamba ya mkonge yalienea Mwatate na Taveta, na mlowezi Ewart Grogan akajenga jumba lake juu ya kilima karibu na Taveta. Marobota ya mkonge yakateremka Voi na kwenda bandarini. Sitaki kuisifu mno neema hiyo, kwa sababu ardhi ya mkonge ilikuwa na wenyewe. Malalamiko ya ardhi yalizaa Taita Hills Association, na serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku chama hicho mwaka 1940.

Mwaka 1948 ulileta mambo mawili. Reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja, na Mbuga ya Tsavo ikatangazwa. Leo zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ya kaunti ya Taita Taveta ni mbuga, na reli kuu pamoja na barabara ya Mombasa ndizo zinazotenga Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mkulima wa Voi anayekesha akipiga debe ili kufukuza ndovu shambani anaielewa hesabu hiyo kuliko mchumi yeyote.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa na treni za kwenda Kahe zikakosa pa kwenda. Tawi la Taveta likafifia, hatimaye likanyamaza. Reli kuu iliendelea kukohoa hadi 2017, treni ya abiria ya usiku iliposimama, na wiki chache baadaye Madaraka Express ikaanza kwenye reli mpya yenye upana wa milimita 1,435. Stesheni mpya ya Voi iko nje ya mji.

Barabara ya Taveta siku hizi ni ya lami. Malori ya ndizi hutoka huko yakiwa yamejaa hadi juu, turubai limefungwa kwa kamba, na pale barabara inapokatana na reli ya vita magurudumu hupiga kishindo mara mbili. Dereva hapunguzi mwendo wala hageuzi shingo kutazama kama kuna treni.