Majina Yaliyoahidiwa Kukumbukwa

Askari wa shaba anayesimama pale Mtaa wa Samora unapokutana na Azikiwe na Maktaba, katikati ya Dar es Salaam, si wa kwanza kushika nafasi hiyo. Wajerumani walisimamisha hapo sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, na chini ya miguu yake wakaweka askari Mwafrika akimtazama bwana wake juu. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa sanamu hiyo wakaipeleka London kama nyara. Ikarudishwa Ujerumani, ikasimamishwa Hamburg mwaka 1922, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha kwa kamba. Gavana huyo alichuma alichopanda.

Mwaka 1927 nafasi yake ilichukuliwa na huyu tunayemjua, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson: askari peke yake, ameinama kidogo, singe mbele. Ana nduguze Nairobi na Mombasa. Wa Nairobi wako watatu, na mmoja wao ni mpagazi.

Maneno yaliyochorwa kwenye sanamu hizo, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, yalitungwa na Rudyard Kipling. Yanawataja askari wenyeji waliopigana, yanawataja wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanatoa ahadi: anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Kipling alijua alichokuwa anakisema. Mwanawe wa pekee wa kiume, John, aliuawa vitani Loos, Ufaransa, Septemba 1915, akiwa na miaka 18. Mwili haukuonekana. Baba alitumia miaka mingi kuwahoji wenzake na kuzunguka makaburini, akaingia katika tume ya kifalme ya makaburi ya vita, na hata kaburi lilipokosekana, jina la John lilichongwa kwenye ukuta wa kumbukumbu kule kule Loos.

Sasa mtu azunguke sanamu ya Dar es Salaam pande zote nne. Hataona jina hata moja.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki vilibebwa kichwani. Ndorobo waliua farasi na nyumbu, barabara hazikuwapo, na kila risasi, kila gunia la unga, lilihitaji kichwa cha mtu. Waingereza peke yao waliandikisha watu wanaokaribia milioni moja kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Kongo na maeneo ya Tanganyika waliyoyateka. Mzigo ulikuwa wa takriban kilo 25. Si risasi iliyowamaliza. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na unga wa mahindi uliopikwa nusunusu na kupewa watu waliozoea ndizi. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walikaribia 100,000. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilikuwa kambi zao, jambo ambalo wanunuzi wengi wa sokoni hawana habari nalo.

Na majina yalikuwapo. Oscar Watkins, aliyeongoza kikosi cha wapagazi, alisisitiza waandikishwe kwenye madaftari na wavae vibati vya namba shingoni, ili mshahara umfikie mwenyewe au warithi wake. Vita vilipokwisha, fedha nyingi za marehemu zilibaki bila kudaiwa. Mvutano juu yake ulifika hadi miaka ya 1930, na London ikakataa kuzitoa. Kuhusu makaburi, uamuzi ulikuwa mwepesi zaidi: Gavana Horace Byatt wa Tanganyika aliona ni heri makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yamezwe na pori. Mzungu aliyekufa hatua chache kutoka hapo alipata jiwe lake lenye jina, cheo na tarehe.

Ilichukua karne nzima mambo hayo kukiriwa. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikadiria kuwa watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, walipewa heshima pungufu. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hawa walitoka Afrika Mashariki na Misri.

Upande wa Wajerumani nao una deni lake, na hakuna anayelionyesha vizuri kuliko kijana mmoja wa Dar es Salaam. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana baadaye kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa mwaka 1904, mtoto wa askari. Vita vilipozuka aliingia jeshini pamoja na baba yake akiwa bado mtoto mdogo. Alijeruhiwa Mahiwa, Oktoba 1917, kisha akawa mateka wa Waingereza. Mwaka 1929 alifika Ujerumani, akabisha hodi serikalini kudai mshahara wa baba yake na wake mwenyewe. Alijibiwa kuwa amechelewa. Akabaki Berlin, akifanya kazi ya uhudumu wa mkahawa, akisaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akionekana kwenye filamu za makoloni. Aliomba medali ya wapiganaji wa mstari wa mbele, akanyimwa. Mwaka 1941 utawala wa Hitler ulimkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, na tarehe 24 Novemba 1944 akafia katika kambi ya Sachsenhausen.

Tangu mwaka 2007 jina lake liko kwenye kibati cha shaba kilichopachikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi Berlin. Mzaliwa wa Dar es Salaam ametajwa kwa jina Ujerumani. Kwao, anawakilishwa na sanamu ya askari yeyote.

Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa na adabu zaidi kidogo. Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama kwa dakika chache tu. Karibu watu 1,300 walikufa, wakiwamo manesi na mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliokuwa njiani kwenda vita vya Burma. Bahari haina kaburi, lakini wapiga mizinga hao wameorodheshwa kwenye mnara wa kumbukumbu ulioko makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong.

Familia, kwa upande wao, hazikungoja tume wala gavana. Nyanza, kulikotoka wapagazi wengi, Wajaluo wana desturi ya kuzika tunda la mwegea, yago, mahali pa mwili usiopatikana, ili marehemu apumzike nyumbani. Waislamu wa pwani husoma hitima. Na karibu kila kabila lina mjukuu aliyepewa jina la babu ambaye hakurudi.

Tanzania huru ilijifunza. Waliokufa katika vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, wana makaburi ya kijeshi Kaboya, wilayani Muleba, na mnara wenye majina yao. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mishale, na mwakilishi wa askari wastaafu shoka. Usiku wa kuamkia siku hiyo huwashwa mwenge wa mashujaa, nao huzimwa saa sita usiku unaofuata. Ni sherehe nzuri, ila hotuba zake huwahusu zaidi walio hai jukwaani.

Asemaye kuwa wapagazi wa 1914 wamechelewa kutajwa atazame Cape Town. Januari 2025 ulizinduliwa huko mnara wa wafanyakazi weusi wa jeshi wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700 wa vita hivyo hivyo, wengi wao wakiwa wamefia Afrika Mashariki. Kila mmoja ana nguzo yake ya mvule, jina lake na tarehe aliyokufa. Kama wao wamepatikana, na wetu wanaweza kupatikana, angalau baadhi yao.

Kwa hiyo msomaji aliyerithi kibati cha namba, medali, picha ya babu mwenye kofia ya KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) au barua ya mshahara usiolipwa, asivitupe wala asimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Vipigwe picha, na yaandikwe jina kamili, kijiji, ukoo na jina la mzee anayesimulia. Nakala ipelekwe Nyaraka za Taifa, Nairobi au Dar es Salaam, mapema, wakati wazee hao wangali hai.