-EKUNDU

-ekundu ni kivumishi kinachotaja rangi ya damu na zote zilizo jirani yake. Pamoja na -eupe na -eusi, ni miongoni mwa vivumishi vitatu tu vya rangi ambavyo Kiswahili kilivirithi katika asili yake ya Kibantu, na ndiyo sababu hufuata upatanisho wa ngeli, ilhali rangi nyingine zimeazima majina yao kwa vitu vinavyozichukua: kijani kwa majani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, na samawati kwa neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu.

Umbo nyekundu, lililozoeleka kuwa ndilo jina la rangi hii, ni umbo linalopatana na neno rangi lenyewe. Kwa mifano ya vitu vya wilaya ya Kibiti na delta ya Mto Rufiji nchini Tanzania, ufasaha hudai kusema bibo jekundu na mabibo mekundu, udongo mwekundu, kitambaa chekundu, na kamba waliokuwa wekundu baada ya kuchemshwa.

Upana wa maana yake ni mkubwa kuliko wadhaniavyo wengi, kwani tangu kadimu neno hili limekusanya pia rangi za kutu na za hudhurungi, hata ng'ombe wa rangi ya kahawia akaitwa mwekundu, na kadhalika mtu ambaye weusi wa ngozi yake si wa kukolea. Ushahidi ulio bayana umo katika mikoko ya delta hiyo: gome la mkoko, lenye tanini nyingi, huchemshwa likatoa maji ya kutilia rangi na ya kudabaghi ngozi, nayo huhesabiwa kuwa mekundu ijapokuwa jicho la kigeni lingeyaona ya kahawia.

Katika matumizi ya istiara, macho mekundu huashiria ghadhabu, kilio au kukesha. Rangi hii hutumika pia kama alama: waganga wa pwani hutumia nguo nyeupe, nyeusi na nyekundu, yaani rangi zile zile tatu za asili; bendera ya Masultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu; na mashabiki wa klabu ya soka ya Simba hujiita Wekundu wa Msimbazi.

Siku hizi wasemaji wengi hutamka gari nyekundu badala ya gari jekundu. Inafaa walimu na waandishi wauhifadhi upatanisho huu, kwa kuwa ndio alama iliyo dhahiri ya kulitenga neno la urithi na maneno ya kuazima.