Ufunuo wa Yohana katika Nyanda za Juu Kusini: Neno, Fumbo na Msomaji



Ufunuo wa Yohana uliandikwa kwa Kiyunani, na wataalamu wengi huuweka mwishoni mwa karne ya 1. Walioandikiwa walikuwa makanisa saba ya Asia Ndogo, yaliyoishi chini ya Dola ya Rumi. Katika Nyanda za Juu Kusini kitabu hiki kilifuata njia ya misheni. Mwaka 1891 Wamoravian walijenga Rungwe, na wamisionari wa Berlin wakafika kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wakaendelea hadi Ubena na Uhehe. Ninauliza leo: lugha imewasaidiaje, au imewanyima nini, wasomaji wa Mbeya na Iringa?

Tuanze na jina. Neno la Kiyunani, apokalipsi, limeundwa kwa kitenzi chenye maana ya kufunika, kikatanguliwa na kiambishi kinachokitendua. Kiswahili kina jozi iyo hiyo: funika na funua, mzizi mmoja, cha pili kikiwa katika kauli ya kutendua. Kwa hiyo ufunuo ni kuondoa kifuniko. Ndani ya neno hilo hamna tarehe.

Neno joka nalo limetufaa. Sura ya 12 inamtambulisha joka kuwa ndiye nyoka wa zamani. Kiyunani hutumia maneno mawili yasiyofanana kwa sauti. Katika tafsiri ya Union Version, iliyokamilishwa 1952, undugu huo unasikika wenyewe, kwa kuwa joka ni ukubwa wa nyoka.

Hesabu ya 666 ina habari tofauti. Kwa Wayunani na Waebrania kila herufi ilikuwa pia tarakimu. Jina la Kaisari Nero, likiandikwa kwa herufi za Kiebrania, laweza kutoa jumla hiyo. Likifuata umbo la Kilatini hutoa 616, nayo imo katika baadhi ya hati za kale. Mswahili wa pwani aliyejua abjadi angelitambua fumbo la namna hiyo upesi. Shule za misheni za nyanda za juu zilifundisha herufi za Kirumi kama sauti tu. Ufunguo ukabaki pwani, na nambari ikawa kigingi cha kutundikia lolote.

Sasa tuitazame historia. Mwaka 1908 na 1909 Elliot Kamwana alihubiri Nyasaland kuwa zama mpya zingeanza 1914, akafukuzwa. Vita ilipokuja, watu wa mpakani walitwaliwa kuwa wapagazi. Kati ya 1917 na 1919 Hanoc Sindano na wenzake walihubiri Rhodesia ya Kaskazini, miongoni mwa Wamambwe na majirani zao, wakakamatwa. Mafundisho hayo yalivuka hadi eneo lililokuwa Mkoa wa Mbeya, ambalo tangu 2016 limo katika Mkoa wa Songwe.

Tusiwaite wajinga. Katika tarehe, wahubiri walikosea. Lakini kwa kuona kwamba kitabu kinaivua dola vazi lake, walikaribiana na wasikilizaji wa kwanza kuliko wafafanuzi wengi waliowadharau.

Sisemi kwamba sarufi ingeliwaokoa mamia waliokufa Kanungu, Uganda, mwaka 2000, au Shakahola, Kenya, mwaka 2023. Nasema kwamba anayefundisha Kiswahili karibu na mimbari ana wajibu. Msomaji akiambiwa maana ya kufunua, atakuwa na swali la kumwuliza kila anayemletea tarehe: wewe unafunua, au unafunika?