Nduaro na Kisa cha Magamba

Darajani, Zanzibar, kwenye soko lililofunguliwa mwaka 1904, nduaro hahitaji dalali wa kumtangaza. Mdomo wake mrefu watosha. Mnada ukimalizika hukatwa vipande, ngozi ikatupwa, na jioni nyama yake imo kwenye mishkaki ya Forodhani, ubavuni mwa jodari na nguru. Mzanzibari wa madhehebu ya Shafii haulizi zaidi ya bei, kwa kuwa kwake cha baharini ni halali, papa na pweza wakiwemo.

Myahudi anayeshika dini ana swali jingine. Torati, katika Mambo ya Walawi 11 na Kumbukumbu la Torati 14, inaruhusu samaki mwenye mapezi na magamba. Sharti fupi, lakini wanazuoni wamelibishania karne nyingi. Nachmanides wa Girona, katika karne ya 13, alishikilia kwamba gamba ni lile linalobanduka bila kuchana ngozi. Kwa kipimo hicho papa hafai: ngozi yake inakwaruza kama msasa, ila vile vipunje havibanduki. Jodari hupita, ingawa magamba yake ya kuonekana ni machache na yamekusanyika nyuma ya kichwa. Nguru naye hupita.

Nduaro ndiye aliyezua mzozo. Wavuvi wetu huwajumuisha chini ya jina hilo samaki kadhaa wa mdomo mrefu, na si wote sawa. Yule ambaye mdomo wake ni bapa kama upanga huwa na magamba utotoni, kisha akikua hayaonekani tena. Jamaa zake wengine wanayo, lakini yamezama ndani ya ngozi.

Talmudi inamruhusu samaki anayepukutisha magamba anapotolewa majini. Kwa msingi huo Haim Benveniste, mwanachuoni wa Izmir katika karne ya 17, aliandika kwamba yule wa upanga ni halali: akivuliwa hujitikisa kwa hasira hadi magamba yakamtoka. Hoja tamu. Hasira hiyo hakuna mvuvi wa Nungwi atakayeibisha. Tatizo ni kwamba samaki mzima hana gamba la kuonekana hata akiwa bado kilindini. Hata hivyo Wayahudi wengi wa Mediterania walimla kwa amani.

Mwaka 1951, Moshe Tendler wa New York, rabi aliyekuwa pia mtaalamu wa biolojia, alimtia katika orodha ya wasioliwa. Alisema hata yale magamba ya utotoni si ya aina inayokubalika. Huko Israel rabi Isser Yehuda Unterman alimpinga, na tapo la Wayahudi wa Conservative wa Marekani likaendelea kuruhusu. Lakini kwa Waorthodoksi wengi msimamo wa Tendler ndio uliosimama.

Mji Mkongwe wa Zanzibar haukungoja watalii wa Kiyahudi kulijua swali la magamba. Makhoja Ithnaasheri, waliotoka Kutch na Gujarat na kuweka jamaa yao hapa katika karne ya 19, wanafuata fikihi ya Jaafari, inayohalalisha samaki mwenye magamba tu. Jirani wa Kiponda aliweza kumwona mwenzake akirudi na kikapu cha changu huku yeye akichemsha pweza, na ujirani usiharibike. Kwa kamba Ithnaasheri na Myahudi huachana: wa kwanza anamla, wa pili ni haramu kwake. Wafuasi wa fikihi hiyo nao wameyajua mabishano. Mwaka 1983 Ayatullah Khomeini wa Iran alimhalalisha sturjeni, samaki wa mayai ya kaviari, baada ya wataalamu kueleza kwamba ana magamba.

Kwa sharti hilo la magamba, mnunuzi wa Kiyahudi hutaka kipande chenye ngozi, aone magamba kwa macho yake, maana minofu iliyochunwa haijulikani ni ya nani. Na Forodhani shida huzidi. Jodari aliyekatwa kwa kisu cha ngisi na kuchomwa juu ya wavu wa pweza mnunuzi huyo hawezi kumla tena, hata kama samaki alikuwa na magamba yake yote.