Mvinyo wa povu kwa njia ya mababu: uchachukaji mmoja, chupa moja

Kusini mwa Ufaransa, chini ya milima ya Pirenei, mto Aude unapita katika mji mdogo wa Limoux. Vilima vinavyouzunguka mji huo vimepandwa mizabibu ya aina iitwayo Mauzac, ambayo majani yake yana vinyweleo vyeupe upande wa chini. Kutokana na weupe huo, mvinyo wa huko ulipewa jina la Blanquette, neno lenye asili ya lugha ya Kioksitani linalomaanisha kitu cheupe.

Upo mvinyo wa Blanquette ambao hutoa povu bila kuongezewa sukari. Povu lake lote hutokana na zabibu zenyewe, na huzaliwa ndani ya chupa ileile itakayofika mezani. Wafaransa huuita utaratibu huo méthode ancestrale, yaani njia ya mababu. Ndiyo njia kongwe ya kutengeneza mvinyo wa povu, na ndiyo pia inayomwachia mtengenezaji nafasi ndogo mno ya kusahihisha kosa.

Povu linatoka wapi

Aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu. Tembo la mnazi linaloteremshwa asubuhi huwa tamu. Kufikia jioni limekwisha kuwa kali, na likizibwa kwa nguvu ndani ya chupa, kizibo huruka. Hamira, ambazo ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, hula sukari na kuacha vitu viwili: kileo na gesi ya kaboni dayoksaidi. Chombo kikiwa wazi, gesi hujiendea zake. Kikiwa kimefungwa, hukosa pa kutokea, ikayeyuka ndani ya kinywaji na kungoja siku ya kufunguliwa.

Zabibu nazo hufuata kanuni hiyohiyo. Mvinyo wa kawaida, usio na povu, huachwa katika pipa au tangi hadi uchachukaji umalizike, ndipo hutiwa chupani. Kwa njia ya mababu, mtengenezaji huikatiza safari hiyo katikati. Huutia mvinyo chupani ungali na sukari na hamira zilizo hai, kisha huziba. Uchachukaji ulioanzia katika tangi huendelea ndani ya chupa, na gesi hubaki humo.

Baridi iliyolaza hamira

Wenyeji wa Limoux husimulia kwamba mwaka 1531 wamonaki Wabenedikto wa abasia ya Saint-Hilaire, iliyo karibu na mji huo, waliona mvinyo waliouhifadhi katika chupa ukitoa povu. Masimulizi hayo yana msingi unaoeleweka. Mauzac huchelewa kuiva, na zamani ilivunwa wakati baridi ya mwisho wa mwaka imekwisha kukaribia. Baridi hiyo hulaza hamira kabla hazijamaliza sukari, na mvinyo huonekana umetulia. Majira ya kuchipua yanaporudi, joto huziamsha. Mvinyo ukiwa bado pipani, gesi hupotea hewani. Ukiwa chupani, hugeuka povu.

Jambo hilohilo lilitokea katika Champagne, eneo la kaskazini lenye baridi kali zaidi. Dom Pérignon, aliyekuwa msimamizi wa ghala katika abasia ya Hautvillers kuanzia mwaka 1668 hadi alipofariki mwaka 1715, husifiwa mara nyingi kuwa ndiye mvumbuzi wa mvinyo wa povu. Ukweli ni kwamba kwake yeye povu lilikuwa dosari ya kuepukwa. Chupa za zama hizo hazikuwa na nguvu za kutosha, na moja ikipasuka iliweza kuzivunja za jirani. Wafanyakazi wa maghala ya Champagne ilibidi wavae vinyago vya chuma kulinda nyuso zao.

Nchini Uingereza, tanuri za makaa ya mawe zilikuwa zimeanza kutoa vioo vigumu zaidi. Mwaka 1662, msomi Christopher Merret aliiarifu Jumuiya ya Kifalme ya London kwamba wafanyabiashara wa mvinyo walikuwa wakiongeza sukari ili vinywaji vyao vichangamke na kutoa povu. Hapo ndipo njia mbili zilipoanza kuachana.

Njia ya Champagne na njia ya mababu

Champagne ya leo hupitia uchachukaji mara mbili. Kwanza hutengenezwa mvinyo kamili, mkavu, usio na povu. Kisha huongezwa sukari iliyopimwa pamoja na hamira mpya, na chupa huzibwa ili uchachukaji wa pili ufanyike humo. Baadaye chupa hugeuzwa kidogo kidogo, mdomo ukielekea chini, mpaka mashapo yashukie shingoni. Mashapo hutolewa, na mvinyo hukamilishwa kwa kiasi kingine cha sukari kulingana na ladha inayotakiwa.

Kila hatua kati ya hizo ni nafasi ya kurekebisha. Katika miaka ya 1830, mfamasia Jean-Baptiste François wa mji wa Châlons alionyesha namna ya kukadiria sukari inayohitajika ili chupa itoe povu bila kupasuka. Tangu hapo mtengenezaji wa Champagne aliweza kujua mapema nguvu ya povu lake. Uhakika huo ndio uliojenga biashara kubwa, ukaiacha njia ya mababu kwa wakulima wa sehemu chache zilizoshikilia desturi zao.

Hesabu ya saa ya kuziba

Katika njia ya mababu, kazi yote huegemea uamuzi mmoja: ni lini mvinyo utiwe chupani? Hesabu yake ni rahisi kuieleza. Kila gramu 4 za sukari katika lita moja, zikichachuka ndani ya chupa iliyozibwa, hutoa shinikizo linalokaribia angahewa moja. Zikibaki gramu 12 na zote zikachachuka, shinikizo hufika angahewa 3, na mvinyo huwa na povu la wastani. Zikibaki 24, hufika angahewa 6, sawa na Champagne, na hiyo ni zaidi ya mara mbili ya upepo unaojazwa katika tairi la gari dogo.

Mtengenezaji akiwahi mno, akaziba chupa zikiwa na gramu 40 na hamira zikazila zote, shinikizo litakaribia angahewa 10. Chupa ya mvinyo wa kawaida haiwezi kulistahimili, itapasuka. Akichelewa, zikabaki gramu 4 tu, mnunuzi atafungua kinywaji kilichopooza.

Kutekeleza hesabu hiyo ndiko kugumu. Uchachukaji ukiwa umepamba moto, sukari huweza kupungua kwa gramu 10 au zaidi kwa siku moja. Hivyo basi, muda unaofaa huweza kuwa wa saa chache, na haujali kama ni usiku wa manane au siku ya ibada. Mtengenezaji hupima uzito wa mvinyo wake mara kwa mara, na huupoza ili kupunguza mwendo wa hamira. Chupa zikishazibwa, hakuna la kuongeza wala la kupunguza, isipokuwa kuzifungua moja moja. Kwa mkulima mdogo, jasho la mwaka mzima limo ndani ya uamuzi huo.

Limoux, Cerdon na Die

Sehemu tatu za Ufaransa zinaonyesha sura tofauti za njia hii. Limoux, kanuni zinataka zabibu za Mauzac peke yake, na kileo kisizidi asilimia 7. Kwa kuwa kileo ni kidogo, sukari nyingi ya zabibu hubaki, na mvinyo huwa mtamu wenye harufu ya tufaha. Ili hamira zisiimalize sukari yote, mvinyo hupozwa na kuchujwa, jambo linalopunguza idadi ya hamira na chakula chake. Mnunuzi aangalie vizuri: chupa iliyoandikwa Blanquette de Limoux bila maneno méthode ancestrale imetengenezwa kwa uchachukaji wa mara mbili.

Cerdon, katika eneo la Bugey lililo kati ya Lyon na Geneva, hutoa mvinyo wa rangi ya waridi kutokana na zabibu za Gamay na Poulsard. Nao ni mtamu na una kileo kidogo. Die, katika bonde la mto Drôme, hutumia zaidi zabibu za Muscat, zenye harufu kali ya maua. Huko, baada ya uchachukaji wa chupani, mvinyo huchujwa pasipo kupoteza gesi yake na kutiwa tena chupani ukiwa angavu.

Jina lisilo na mlinzi

Katika miaka ya 1990, watengenezaji wa bonde la mto Loire waliirudia njia hii kwa nia nyingine. Walitaka mvinyo mkavu, wenye hamira za asili, usioongezewa kitu. Waliuita pétillant naturel, na jina hilo likafupishwa kuwa pet-nat. Kutoka Loire, jina lilienea hadi Italia, Marekani na Australia, likapendwa hasa na vijana wa mijini.

Majina ya Limoux, Cerdon na Die yanalindwa na sheria, na anayeyatumia hufungwa na kanuni za aina ya zabibu na utaratibu wa kazi. Jina la pet-nat halina ulinzi wa namna hiyo. Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Anayeongeza sukari na hamira katika mvinyo uliokwisha kuchachuka anaweza kuupa jina lilelile, akakwepa hatari ya saa ya kuziba na bado akapata bei ya aliyeikabili.

Hasara hiyo humwangukia zaidi mkulima mdogo. Njia ya mababu haihitaji mitambo mingi wala miaka ya kungoja ghalani. Mavuno ya mwaka huu huweza kuuzwa msimu ujao wa kuchipua. Kwa asiye na mtaji mkubwa, huo ni mlango wa kuingia katika biashara ya mvinyo wa povu. Wilaya ya Montlouis-sur-Loire ililiona jambo hilo mapema. Mwaka 2007 ilipata kanuni rasmi za mvinyo uitwao pétillant originel, zinazokataza kuongeza sukari na hamira.

Kusoma lebo na kufungua chupa

Mnunuzi anayetaka kujua alichoshika mkononi atafute kwanza jina la eneo na maneno méthode ancestrale. Kiwango cha kileo nacho kina habari: asilimia 7 au 8 kwa kawaida huashiria mvinyo mtamu, na 11 au 12 huashiria mkavu. Chupa nyingi za pet-nat huzibwa kwa kifuniko cha bati kama cha soda. Ukungu ndani ya chupa si kasoro. Ni mashapo ya hamira ambayo hayakutolewa.

Chupa kama hiyo isimamishwe wima ndani ya jokofu kwa siku nzima ili mashapo yatue, kisha ifunguliwe polepole. Mvinyo uliopata joto au kutikiswa huweza kumwagika nusu yake kwa povu. Isiwekwe jikoni wala ndani ya gari lililoegeshwa juani, hasa ikiwa ni tamu na haikuchujwa, kwa sababu joto huweza kuziamsha hamira zilizolala. Zipo kasoro za kweli pia: harufu ya siki, au ladha inayofanana na harufu ya panya inayojitokeza baada ya kumeza. Mvinyo wa namna hiyo una haki ya kurudishwa dukani.

Pet-nat nyingi hufaa kunywewa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hata chupa mbili za mtengenezaji mmoja, za mavuno ya mwaka mmoja, huweza kutofautiana kidogo, kwa kuwa kila moja ilimalizia uchachukaji wake peke yake. Tofauti hiyo haiondoleki, na anayeinunua kwa kuijua hatashangaa.